Konea imelegea baada ya leza: mwongozo kwa mtu wa Mtwara na Lindi

Mtu amefanyiwa leza ya macho, Dar es Salaam au India, akaachana na miwani. Mwaka wa kwanza anasoma kibao cha basi pale stendi ya Mkanaledi akiwa ng'ambo ya barabara. Halafu jicho moja linaanza kumchezea: taa ya bodaboda usiku ina mkia, herufi zina kivuli chini yake, na namba ya miwani inapanda kila anapopimwa. Anabadilisha miwani, anabadilisha tena. Analaumu simu, analaumu umri.

Huenda kweli ni umri. Huenda ni ukavu wa macho, ambao baada ya leza ni jambo la kawaida. Lakini huenda konea, yaani kile kioo angavu cha mbele ya jicho, imelegea na inatokeza. Madaktari wanaiita ektasia. Wanaoipata ni wachache, hawafiki mmoja katika kila watu mia waliofanyiwa leza, ila ukishakuwa wewe hesabu hiyo haikufariji. Daktari Theo Seiler wa Ujerumani na wenzake waliieleza mwaka 1998, na timu hiyohiyo, mjini Dresden, ndiyo iliyobuni tiba inayotumika leo. Matokeo ya wagonjwa wa kwanza yalichapishwa mwaka 2003. Kwa hiyo ugonjwa unajulikana na dawa yake inajulikana. Tabu yetu ni umbali.

Katika yote yaliyo hapa chini nashikilia mpangilio mmoja: kulegea kusimamishwe kwanza, kuona vizuri kutafutwe baadaye. Wengi huku Kusini wanaanza na hilo la pili kwa sababu duka la miwani liko mtaani na mashine ya kupima konea iko mbali. Miezi inakwenda, konea nayo inakwenda.

Kwanza uelewe kilichotokea

Konea ya kawaida ina unene wa takriban maikroni 540 katikati, sawa na nusu milimita na ziada kidogo. Katika LASIK, ndiyo leza ninayoizungumzia hapa, daktari hukata kifuniko chembamba juu yake, cha maikroni 100 hadi 160, hukifunua, kisha leza huchonga tabaka la chini. Kila diopta moja, yaani namba moja ya miwani, inayofutwa hula takriban maikroni 14 au 15. Baadaye kifuniko hurudishwa, nacho hushika, lakini nguvu yake ya zamani hairudi. Kinachobeba jicho tangu siku hiyo ni kile kilichobaki chini ya kifuniko.

Fanya hesabu. Konea ya 540, kifuniko cha 110, miwani ya 6 iliyokula kama 90: kimebaki 340. Hapo pana nafasi. Sasa chukua konea ya 500, kifuniko cha 160, miwani ya 8 iliyokula 120: kimebaki 220. Mpaka uliozoeleka ni kwamba kisibaki chini ya 250, na madaktari waangalifu hutaka 300. Jicho lina shinikizo la ndani linalosukuma muda wote, kwa hiyo sehemu iliyopungua sana hufanya kama tairi lililolika: inatoa nundu.

Ila wapo ambao hesabu yao ni safi na bado konea imelegea. Wengi wao walikuwa na keratokonasi iliyojificha kabla ya leza, ugonjwa wa konea kutokeza wenyewe, na kipimo hakikuikamata au hakikufanywa. Umri mdogo wakati wa leza nao huongeza hatari. Ujauzito unaweza kuichochea. Na kuna kufikicha macho, ambako ndiko tunakoanzia, maana hakuhitaji nauli wala rufaa.

Hatua ya 1: acha kufikicha macho, leo

Ukifikicha jicho unaibonyeza konea na kuisugua. Konea nzima huvumilia kwa kiasi. Konea iliyolegea haivumilii, na hakuna tiba itakayodumu ikiwa mkono unaendelea na kazi yake ileile kila asubuhi.

Huku kwetu kufikicha kuna msimu. Kuanzia Juni hadi Agosti wakulima wanapuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga. Mota zinaanza alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yana umande, na vumbi la njano linakaa hewani. Hata usiyekuwa na mkorosho hata mmoja, ukiwa Tandahimba, Newala, Nachingwea au Ruangwa, salfa inakufikia nyumbani. Macho yanawasha, yanatoa machozi, yanakuwa mekundu, na mkono unakwenda wenyewe.

Mwenye konea dhaifu asipulize salfa. Najua hilo si rahisi kumwambia mtu ambaye mikorosho ndiyo ada za watoto, lakini kazi hiyo hata kijana wa kukodi ataifanya. Palizi na kuokota korosho unaweza ukabaki nazo. Ukilazimika kuwa shambani siku hiyo, vaa miwani ya kujikinga iliyoziba pembeni, ile inayobana uso kwa mpira. Miwani ya jua ya kawaida inaacha vumbi lipite juu na kando. Kaa upande upepo unakotoka. Vumbi likiingia, mimina maji safi ya kunywa kutoka kwenye chupa, jicho likiwa wazi, mpaka muwasho upungue. Usitumie ncha ya kanga wala kidole.

Muwasho usioisha ni mzio, na mzio una dawa yake. Matone ya olopatadini au ketotifeni hutuliza, na kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi juu ya kope zilizofungwa kinasaidia kuliko watu wanavyodhani. Hapa nataka kuwa mkali kidogo. Duka la dawa muhimu mara nyingi litakupa matone yenye deksamethasoni, kwa sababu yanatuliza haraka na mteja anaondoka ameridhika. Hiyo ni steroidi. Ukiitumia kwa wiki nyingi bila daktari, inaweza kupandisha presha ya jicho bila wewe kuhisi chochote, na kwa aliyefanyiwa leza hata kipimo kinaweza kuificha presha hiyo. Nitarudi kwenye hilo mwishoni. Soma kichupa kabla hujalipa.

Kuna pia kufikicha usingizini, na kulalia jicho, uso umezama kwenye mto. Mwombe mwenzako akuangalie, maana mwenyewe utasema hufanyi. Anayelala kifudifudi upande uleule wa jicho bovu abadilishe mlalo, au avae kikinga jicho cha plastiki usiku.

Hatua ya 2: jipime kidogo nyumbani

Funga jicho moja, tazama taa ya mbali usiku. Rudia kwa jicho la pili. Taa ikiwa na mkia upande mmoja au ikijirudia mara mbili tatu kwa jicho moja tu, andika. Kisha toboa karatasi ngumu kwa pini, tazama maandishi kupitia tundu hilo: yakinyooka kwa kiasi kikubwa, tatizo liko kwenye umbo la jicho, na konea ni mshukiwa mmojawapo. Kipimo hiki hakithibitishi ugonjwa. Kinakupa tu la kumweleza daktari, badala ya kusema "macho hayaoni vizuri", maneno ambayo kila mgonjwa anasema.

Hatua ya 3: tafuta karatasi zako za leza

Hii ndiyo hatua watu wanairuka. Omba hospitali iliyokufanyia leza ikutumie, kwa barua pepe au WhatsApp: ramani ya konea ya kabla ya upasuaji, unene wa konea wa kabla, namba ya miwani uliyokuwa nayo, unene wa kifuniko, na kina kilichochongwa. Ni haki yako kuzipata. Ukiwa nazo, daktari wa leo anafanya ile hesabu ya juu kwa dakika moja. Usipokuwa nazo anabaki kukisia.

Wakikujibu kwamba "rudi tukuongezee leza kidogo, namba imerudi", sema ahsante na usiende bado. Namba inayorudi baada ya LASIK isichongwe tena mpaka ramani mpya ya konea ionyeshe kwamba haijatokeza. Kuchonga konea iliyolegea ni kuimaliza.

Hatua ya 4: anzia karibu, upate rufaa

Aliye Mtwara mjini aanzie Ligula, wa Lindi aanzie Sokoine, na wa njia ya Masasi ana Ndanda na Nyangao. Pale Mitengo kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Uliza kwanza siku ya kliniki ya macho, usije ukatoka Kitaya au Liwale ukakuta mtaalamu yuko safarini.

Mpimaji mzuri hata bila mashine kubwa anaweza kugundua mengi. Akikumulika kwa retinoskopu ataona mwanga unaokwenda na kurudi kwa mtindo wa mkasi. Kipimo cha mkunjo wa konea kitampa picha zilizopinda. Atapima unavyoona kwa miwani bora, atatazama kwa darubini ya macho kama kuna makovu au ukavu. Mwambie wazi neno hili: "Niliwahi kufanyiwa leza." Wapo wanaoficha kwa kuona haya kwamba walilipa pesa nyingi na sasa wamerudi kwenye miwani. Usifiche, maana bila hilo anaweza kukuandikia miwani tu akakuaga.

Barua ya rufaa iandike mambo mawili: kwamba anashuku ektasia baada ya leza, na kwamba anaomba tomografia ya konea, yaani kipimo cha kuchora ramani yake. Kama una bima, uliza kabla ya safari nini kinalipwa. Leza yenyewe huhesabiwa kuwa ya hiari; matibabu ya konea iliyougua ni suala jingine, na jibu lipate kwa maandishi.

Hatua ya 5: ramani ya konea, mara mbili

Tomografia hupima konea mbele na nyuma na unene wake kila sehemu. Pentacam ni moja ya mashine utakazosikia zikitajwa. Haigusi jicho, haiumi. Unaweka kidevu, unatazama taa, sekunde chache imekwisha. Kama unavaa lenzi, zivue kabla: lenzi laini wiki moja hadi mbili, lenzi ngumu wiki mbili hadi nne, maana zinaibonyeza konea na kudanganya ramani.

Kabla ya kukata tiketi piga simu. Mazungumzo yenyewe ni mafupi:

"Shikamoo mama, naitwa fulani, napiga kutoka Mtwara. Nina rufaa ya macho."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Naomba kujua kama mashine ya tomografia ya konea inafanya kazi wiki hii. Na je, mnafanya tiba ya kuimarisha konea, ile ya CXL, hapohapo au mnapeleka kwingine? Na bingwa wa konea anakaa kliniki siku gani?"

Maswali matatu, usikate simu mpaka yote yamejibiwa. Muhimbili, CCBRT na KCMC ya Moshi ndiyo majina ya kuanza nayo. Ukiulizia kwa simu unaepuka kulala gesti Mbagala siku nne ukisubiri fundi wa mashine.

Ramani moja inaonyesha konea ilivyo leo. Kujua kama inaendelea kulegea kunahitaji ramani ya pili, kwa kawaida baada ya miezi mitatu hadi sita. Sehemu kali zaidi ya mkunjo ikiongezeka diopta 1 au zaidi ndani ya mwaka, au konea ikipungua unene, au namba ikibadilika kwa kasi, inaendelea. Kwa kijana ambaye tayari amefanyiwa leza na ramani yake ni mbaya, madaktari wengi hawasubiri ya pili. Waombe nakala, uipige picha, uitunze pamoja na zile za zamani.

Hatua ya 6: kuisimamisha

Tiba inaitwa kuunganisha nyuzi za kolajeni, kwa kifupi CXL. Konea imejengwa kwa nyuzi za kolajeni. Dawa ya riboflavini, ambayo ni vitamini B2, ikilowana ndani yake kisha ikamulikwa mionzi ya urujuanimno, nyuzi hizo hufungana zaidi na konea inakuwa ngumu. Marekani iliidhinisha mwaka 2016, kwa keratokonasi na pia kwa ektasia ya baada ya leza.

Ilivyo siku yenyewe, kwa mtindo wa Dresden: unalala chali, jicho linatiwa matone ya ganzi, kope zinashikwa na kitanuzi usiweze kupepesa. Daktari anakwangua ngozi laini ya juu ya konea, duara la kama milimita 9. Huhisi maumivu, unahisi kuguswa. Kisha riboflavini, ya njano kali, tone kila baada ya dakika chache kwa nusu saa. Wanapima unene. Halafu taa ya rangi ya samawati iliyoiva, nusu saa nyingine, nguvu yake miliwati 3 kwa kila sentimita ya mraba. Zipo njia za haraka, kwa mfano miliwati 9 kwa dakika 10, zenye jumla ileile ya nishati. Mwisho wanaweka lenzi laini kama bandeji, wanakuruhusu. Wengine hutoa huduma bila kukwangua ngozi. Hiyo inauma kidogo tu, lakini ushahidi wa njia ya kukwangua ndio mrefu zaidi, na ningekuwa mimi ningechagua hiyo.

Ule unene unaopimwa katikati ya kazi una sababu. Konea ikiwa chini ya maikroni 400 bila ngozi, mionzi inaweza kufika kwenye seli za nyuma ambazo hazioti tena zikifa. Waliopita kwenye leza mara nyingi wako karibu na mpaka huo. Daktari anaweza kutumia riboflavini inayovimbisha konea kidogo, au kupunguza nishati kulingana na unene. Muulize: "Yangu ni ngapi, na mtafanyaje ikishuka chini ya 400?" Asipokuwa na jibu, tafuta mwingine.

Hafanyiwi mjamzito, na anayenyonyesha kwa kawaida huambiwa asubiri. Aliyewahi kupata vidonda vya virusi vya hepesi kwenye jicho aseme mapema, maana mionzi inaweza kuviamsha.

Na matarajio yako yawe sahihi. CXL kazi yake ni kusimamisha. Kwa wengi inasimamisha. Kwa baadhi umbo la konea linanyooka kidogo na kuona kunaboreka. Kwa wachache inaendelea na hurudiwa. Mwezi wa kwanza hadi wa tatu kuona kunaweza kuwa kubaya kuliko ulivyoingia, kuna ukungu, kisha kunatulia hatua kwa hatua hadi mwaka. Anayelipa akidhani atatoka anaona kama siku ile ya leza ataona ametapeliwa bure.

Kuhusu wakati: ukiweza kuchagua, usifanye karibu na msimu wa salfa. Pesa ya korosho hutoka minadani kuanzia Oktoba, kwa hiyo Novemba hadi Februari ndiyo miezi ambayo wengi mfuko unaruhusu. Lakini kama ramani inaonyesha konea inakimbia mwezi wa Machi, usingoje mnada. Kopa kwa ndugu, uza unachoweza kuuza. Maikroni zilizopotea hazina msimu wa kurudi.

Hatua ya 7: wiki ya kwanza usiwe barabarani

Kutoka Dar hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550. Usipande basi siku ya pili ukiwa na kidonda wazi juu ya konea, kiyoyozi kikipuliza usoni na vumbi la Nangurukuru likisubiri dirisha lifunguliwe. Panga kulala Dar kwa ndugu mpaka bandeji itolewe na daktari aseme ngozi imefunga, kwa kawaida siku tatu hadi saba. Wakati wa mvua kubwa ongeza akiba ya siku. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Kusini ilikatika eneo la Somanga, na abiria wakakwama.

Usiku wa kwanza na wa pili unauma. Jicho linachoma, linatoa machozi, mwanga hauvumiliki. Vidonge vya maumivu ulivyoandikiwa vinywe kwa saa, usingoje maumivu yakolee. Chumba cha giza, mapazia chini, simu kando. Watakaokuja kukupa pole wasalimie kutoka mlangoni.

Kuna kitu kimoja utakitamani usiku huo: yale matone ya ganzi. Usiyaombe uende nayo nyumbani, na ukikuta duka linauza, usinunue. Ganzi ikirudiwarudiwa inazuia kidonda kufunga na inaweza kuyeyusha konea yenyewe.

Matone ya kuua bakteria utayatumia mpaka ngozi ifunge, na ya steroidi kwa wiki kadhaa yakipunguzwa taratibu. Hapa steroidi imeandikwa na daktari kwa ratiba, usiikate kwa sababu nimeisema vibaya huko juu. Matone mawili tofauti yaachane dakika tano. Nawa mikono kwa sabuni, ncha ya kichupa isiguse kope. Bandeji ikidondoka usiirudishe. Itupe, piga simu hospitali.

Bibi au shangazi atakuja na maziwa ya mama, na jani fulani la kukamua. Anakupenda. Mwambie, "Shangazi, daktari amekataza kitu chochote kisichokuwa hiki," umwonyeshe kichupa, ambebe mtoto badala yake. Juu ya konea iliyokwanguliwa, fangasi kutoka kwenye majani ni hatari kuliko ugonjwa uliokupeleka hospitali, na kidonda cha fangasi kwenye hali ya hewa yetu kinatibika kwa shida.

Bahari, bwawa na mto uache kwa mwezi. Kuoga oga, ila kichwa mimina maji kwa nyuma.

Rudi hospitali siku hiyohiyo ukiona: maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya tatu badala ya kupungua, doa jeupe juu ya jicho, usaha, au kuona kushuka ghafla. Kama umesharudi Mtwara, nenda kituo cha macho kilicho karibu ukiwa na karatasi zako, usingoje basi la asubuhi.

Hatua ya 8: sasa tafuta kuona

Miezi mitatu hadi sita baada ya CXL, ramani ikitulia, ndipo miwani ina maana. Kwa ektasia nyepesi miwani inatosha. Kwa iliyotokeza zaidi miwani haiwezi, kwa sababu konea imepinda bila mpangilio na kioo cha miwani hakiufuati upindo huo. Lenzi ngumu inayopitisha hewa huweka uso mpya laini mbele ya konea, machozi yakijaza mabonde chini yake. Wasioivumilia hupewa lenzi ya sklera, kubwa zaidi, inayokaa juu ya weupe wa jicho bila kuigusa konea kabisa.

Lenzi ya sklera huivai kama nyingine. Unaiweka juu ya kifyonza kidogo cha mpira, unaijaza maji ya chumvi ya dukani yasiyo na kihifadhi mpaka yafurike kidogo, unainamisha uso mpaka utazame sakafu, kope zimevutwa wazi, unaipandisha lenzi moja kwa moja hadi ikae. Maji kidogo yanadondoka, ndivyo inavyotakiwa, tandika taulo. Baadaye tazama kwenye kioo: ukiona povu la hewa katikati, toa, jaza, rudia. Siku za mwanzo inachukua dakika nyingi na uvumilivu, wiki ya pili mkono unazoea.

Maji ya bomba, ya kisima na ya chupa ya kunywa yasiguse lenzi wala kisanduku chake. Kuna kiumbe kinaitwa akantamiba kinachoishi kwenye maji ya kawaida, na kikiingia kwenye konea ni balaa la miezi. Chumvi na maji vya kuchemsha nyumbani pia havifai. Vichupa vya maji ya lenzi ni shida kuvipata huku, hivyo ukiwa Dar nunua vya miezi mitatu minne, uangalie tarehe ya mwisho. Usiviache kwenye dashibodi ya gari; vitunze chumbani penye kivuli. Siku ya salfa, na siku ya vumbi la kubangua korosho, lenzi zibaki kwenye kisanduku. Usilale nazo.

Lenzi zikishindikana kuna pete za plastiki zinazopachikwa ndani ya konea kuinyoosha. Wataalamu wachache pia huchonga kidogo sana kwa leza wakati wa CXL kulainisha umbo. Hilo liamuliwe na bingwa wa konea mwenye ramani zako mbele yake, lisiuzwe kwenye tangazo. La mwisho ni kupandikiza konea ya mtu aliyefariki, nzima au tabaka la mbele tu. Kuona kunaweza kurudi vizuri, lakini nyuzi za mshono hukaa mwaka na zaidi, matone ni ya muda mrefu, na jicho likiwa jekundu, likiuma na kuona kukififia unatakiwa kuwa hospitalini haraka kwa sababu mwili unaweza kuwa unaikataa. Kwa mtu wa Liwale hilo ni la kufikiria kabla ya kusema ndiyo. Ndiyo maana kusimamisha mapema kuna thamani: walio wengi hawafiki huku.

Kadi ya kubaki nayo pochini

Baada ya CXL utarudi mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, kisha kila mwaka. Ramani iwe ya mashine ileile kila inapowezekana, maana mashine mbili hazisomi sawa.

Halafu ile presha niliyoahidi. Kipimo cha presha ya jicho hubonyeza konea. Konea iliyopunguzwa na leza hubonyea kwa urahisi, kwa hiyo mashine husoma chini kuliko ukweli. Ukiambiwa 14, ndani inaweza kuwa zaidi. Mtu anayetumia matone ya steroidi kwa wiki nyingi, akiwa na konea ya namna hii, anaweza kuharibikiwa mshipa wa fahamu wa jicho huku kila kadi imeandikwa "kawaida". Na miaka ikienda, ukifika wakati wa kutolewa mtoto wa jicho, lenzi ya ndani hupigiwa hesabu kwa umbo la konea, na konea yako itadanganya hesabu hiyo kama daktari hajui historia.

Kwa hiyo andika kwenye karatasi ngumu, ulaminishe, uikunje na kitambulisho: mwaka wa LASIK na jicho gani, namba ya miwani ya kabla, unene wa konea wa kabla na wa sasa, tarehe ya CXL, aina ya lenzi unayovaa, maneno "presha ya jicho husomeka chini, soma pamoja na unene wa konea", na "asitumie steroidi bila bingwa wa macho". Nakala ya pili mpe mwenzako. Ya tatu, picha ya simu, itume kwa mtoto au mdogo wako aliye Dar, ili siku simu yako ikizama Shangani mtu abaki nayo.